Chama Kilichokataliwa Mombasa na Deni Letu Sisi wa Gusii

Wapo wasomaji wetu watakaoshangaa kuona kwamba tahariri ya toleo hili inazungumzia Waislamu. Watauliza, na wana haki ya kuuliza: Kisii na Nyamira ni nchi ya Waadventista na Wakatoliki, na Walutheri na Wapentekoste hawako nyuma, misikiti yetu ni michache, basi gazeti dogo la kupigania mageuzi lina kazi gani na mambo ya Mombasa, Unguja na Algeria, wakati mkulima wa Nyamira hajui malipo yake ya majani chai yatakuwa kiasi gani? Jibu letu ni fupi, ingawa maelezo yake ni marefu. Kila mara watawala wa nchi hii walipotaka kuukata mti wa mageuzi, walianza na tawi ambalo walijua wengine hatutalililia. Mwaka 1992 tawi hilo lilikuwa Waislamu wa Pwani. Hatukulia.

Tuanze nyumbani, ili mtu asiseme kwamba tunakwenda kuzima moto wa jirani na letu linaungua. Mwaka 1982 George Anyona, mwana wa Kitutu, pamoja na Jaramogi Oginga Odinga, walitaka kuunda chama cha pili cha siasa. Ikumbukwe kwamba wakati ule katiba haikumkataza mtu kufanya hivyo. Kanu ilikuwa chama pekee kwa mazoea na kwa vitisho, lakini si kwa sheria. Anyona alitiwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, na mwezi Juni mwaka huo huo Bunge likaharakisha kupitisha kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja. Yaani sheria ilitungwa ili kumfukuzia mtu ambaye hakuwa amevunja sheria yoyote. Mwaka 1990 Anyona alikamatwa tena, na mwaka 1991 yeye na wenzake watatu wakahukumiwa kifungo cha miaka saba kwa uchochezi. Kufikia Desemba 1992 alikuwa nje, amegombea urais kwa tiketi ya Kenya Social Congress, na watu wa Kitutu Masaba wakamrudisha Bungeni, yeye peke yake katika chama chake chote. Kwa hiyo hakuna haja ya kumfundisha mtu wa Manga au wa Keroka maana ya kunyimwa chama.

Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Wengi wetu tunaoandika gazeti hili tulikuwa watoto wa shule wakati huo, lakini tunakumbuka jinsi wazee walivyokuwa wakikaa na redio hadi betri zinakwisha. Vyama vikaanza kuandikishwa. Na mwanzoni mwa mwaka 1992, huko Mombasa, Waislamu kadhaa wakaanzisha Islamic Party of Kenya, kilichojulikana upesi kwa herufi zake tatu, IPK. Msajili wa Vyama akakataa kukiandikisha. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba chama kilijengwa juu ya dini, na kwamba dini na siasa havichanganywi.

Malalamiko ya watu hao yalikuwa ya kawaida kabisa, na mtu wa Gusii angeweza kuyatia sahihi bila kubadilisha neno. Walilalamika kuhusu ardhi ya Pwani iliyogawiwa wakubwa na wageni ilhali wenyeji ni maskwota. Walilalamika kuhusu kazi za bandarini na nafasi za vyuo vikuu. Zaidi ya yote walilalamika kuhusu vitambulisho na pasipoti: Mwislamu alipofika dirishani aliulizwa hati za baba na za babu, jambo ambalo jirani yake Mkristo hakuulizwa. Ilikuwa ni miaka miwili na kidogo tu tangu Novemba 1989, serikali ilipoanza kuwapiga msasa Wakenya wenye asili ya Kisomali na kuwapa kadi ya pili ya kuthibitisha kwamba ni raia. Mtu anayetakiwa kuthibitisha uraia wake mara mbili hujua kwamba ule wa kwanza hauaminiwi.

Kama mawakili tunapenda kuisoma sheria kabla ya kuipenda au kuichukia. Katiba ya zamani, katika kifungu cha 80, ilimpa kila mtu uhuru wa kukusanyika na kujiunga na wenzake. Haikuwa na neno lolote lililokataza chama kwa sababu ya dini ya waanzilishi wake. Msajili alikuwa na Sheria ya Vyama, Sura ya 108, iliyomruhusu kukataa chama chochote ambacho kwa maoni yake kingeweza kuhatarisha amani na utaratibu. Maneno hayo ni mapana kiasi kwamba yangeweza kukifunika hata chama cha wafuga nyuki. Sheria yenye maneno ya namna hiyo humwachia karani wa serikali kazi ya kuamua nani ni raia mzuri na nani si mzuri, na karani hutazama uso wa mkubwa wake kabla ya kuamua.

Hatutaki kuwafanya IPK malaika. Sheikh Khalid Balala, aliyewakusanya vijana kwa mahubiri yake pale Mwembe Tayari, alitoa maneno makali, mengine ya vitisho ambayo wakili hawezi kuyatetea wala hapaswi kuyatetea. Mwezi Mei 1992 Mombasa ilikumbwa na ghasia, na watu walioumia hawakuwa wa upande mmoja tu. Lakini tazama jinsi serikali ilivyomjibu. Haikuridhika kumshtaki kwa maneno yake, jambo ambalo lingekuwa halali. Alipokuwa Ujerumani mwaka 1994 ilikataa kumpa pasipoti mpya, ikidai kwamba yeye si Mkenya bali ni Myemeni. Hakurudi nyumbani hadi mwaka 1997. Siku ambayo serikali inaweza kumvua mtu uraia kwa sababu imechoshwa na hotuba zake, hakuna mtu katika nchi hiyo mwenye uraia. Kila mtu ana kibali cha muda.

Wala serikali haikuishia hapo. Mwaka 1993 kilizuka chama kingine, United Muslims of Africa, kikiwaambia Waislamu weusi kwamba IPK ni chama cha Waarabu. Kikundi hicho kilikuwa rafiki wa Kanu, na wala hakikusumbuliwa na swali la kuchanganya dini na siasa. Sisi tuliokuwa mpakani, Borabu kwa upande wa Sotik, tulikwisha kuiona mbinu hiyo kwa macho yetu mwaka 1992, wakati majirani walioazimana majembe walipochochewa wachomeane nyumba. Tuliuona moshi wetu lakini hatukuutambua moshi wa Mombasa kuwa ni wa kuni zile zile. Likoni ilipowaka Agosti 1997 ndipo wengine wetu walipoanza kuunganisha mambo, na kwa kweli tulikuwa tumechelewa.

IPK haikuandikishwa, lakini wafuasi wake hawakutoweka. Waliungana na Ford-Kenya, na katika uchaguzi wa Desemba 1992 viti vya Kisauni na Likoni vikaenda upinzani. Chama kilichonyimwa jina kilipata kura kwa jina la mwingine. Serikali haikuweza kusema tena kwamba watu hao hawapo. Iliweza kusema tu kwamba hawakuandikishwa.

Hapa ndipo inapotubidi tujitazame wenyewe, na tunaomba radhi kwa wasomaji ambao hawatapenda kuyasoma haya. Mwaka 2002 Mzee Simeon Nyachae aligombea urais kwa tiketi ya Ford-People. Chama hicho kilipata viti 14 Bungeni, na vingi kati yake vilitoka kwetu Gusii. Tulikipenda, tulikiimbia, na nyumba nyingi zilibaki na picha ya Mzee ukutani miaka mingi baadaye. Je, kilikuwa chama cha kabila? Ukituuliza sisi, tutasema hapana, kilikuwa chama cha taifa kilichobahatika kupendwa zaidi nyumbani kwa kiongozi wake. Naam, na hilo ndilo hasa Waislamu wa Mombasa walilolisema juu ya chama chao. Sisi tuliaminiwa, wao hawakuaminiwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

Katiba ya mwaka 2010 imeliweka jambo hili wazi. Kifungu cha 91 kinakataza chama kilichojengwa juu ya dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo. Tunakiunga mkono kifungu hicho. Hatutaki chama cha Waislamu, wala chama cha Waadventista, wala chama cha Abagusii. Tofauti yake na ile ya 1992 ni kwamba hiki kimetaja makosa yote katika sentensi moja, na kwa hiyo kinaweza kudaiwa kwa haki. Msajili atakayemfungia mlango kijana wa Kibokoni kwa sababu ya kofia yake, kisha akawafungulia wanasiasa kumi waliokwisha kugawana makabila kama nyama ya harusi, atakuwa ameivunja katiba ingawa amekitaja kifungu chake.

Wapo watu wa heshima, baadhi yao ni wachungaji tunaowajua vizuri, wanaosema kwamba yote haya ni bure kwa sababu Uislamu na demokrasia havipikwi chungu kimoja. Wanazitaja nchi za Kiislamu na kusema: hebu nionyesheni moja iliyofanya mageuzi. Hoja hiyo inastahili jibu la kweli, na jibu la kweli linaanza na kukiri kwamba nyingi zimeshindwa. Lakini zimeshindwa namna gani, na nani aliyezizuia?

Mfalme wa Iran alitaka kuleta usasa kwa amri. Mwaka 1963 alitangaza mageuzi ya ardhi na haki ya wanawake kupiga kura, mambo mema yote mawili. Lakini mwaka 1975 alivifuta vyama vyote na kuacha kimoja tu, chake mwenyewe. Miaka minne baadaye alikimbia nchi, na waliomrithi ni wale ambao msikiti ulikuwa ndio mahali pekee walipoweza kukutana bila kufungwa. Wazee wetu waliokuwa wakipanga foleni nyuma ya mgombea mwaka 1988 watalitambua jambo hili. Mtawala akizifunga kumbi zote za mikutano isipokuwa nyumba ya ibada, asishangae siasa zikianza kusema lugha ya ibada. Nasi Kenya, kabla ya 1991, ni nani waliosema hadharani? Ni maaskofu na wachungaji. Hakuna aliyewaambia wakati huo kwamba Ukristo hauelewani na demokrasia.

Algeria nayo ilifanya uchaguzi mwezi Desemba 1991. Chama cha Kiislamu kilikuwa kinaelekea kushinda katika duru ya pili, na Januari 1992 jeshi likaufuta uchaguzi kwa kisingizio cha kuilinda demokrasia. Vita vilivyofuata viliua watu zaidi ya 100,000. Hatujui serikali ya chama kile ingekuwaje, na huenda ingekuwa mbaya. Lakini serikali mbaya iliyochaguliwa inaweza kuondolewa kwa kura, na wale watu laki moja hawawezi kurudishwa kwa kura. Tunadhani si ajabu kwamba wakubwa wa Nairobi, waliokataa kuiandikisha IPK miezi ile ile, walikuwa wakisikiliza habari za Algiers kwa makini.

Tunisia ndiyo inayotupa mafunzo magumu zaidi. Mwaka 1956 Habib Bourguiba alitoa sheria ya ndoa na talaka iliyopiga marufuku mitala na kuwapa wanawake haki ambazo wengi wa dada zetu hawakuwa nazo. Sheria nzuri kabisa. Lakini Bourguiba huyo huyo alijifanya rais wa maisha mwaka 1975, na aliyempindua mwaka 1987 akatawala kwa polisi hadi umma ulipomfukuza Januari 2011. Kisha chama cha Kiislamu, Ennahda, kikashinda uchaguzi. Kikakaa mezani na wapinzani wake. Katiba mpya ikapatikana Januari 2014. Na kiliposhindwa katika uchaguzi wa mwaka huo kikakubali kushindwa na hakuna aliyechomewa nyumba. Ni vyama vingapi katika Afrika hii yetu, vya Kikristo au visivyo na dini, vimefanya hivyo? Na yule aliyelifungia Bunge Julai 2021 na kuirudisha Tunisia chini ya utawala wa mtu mmoja hakuwa shehe wala imamu. Rais Kais Saied alikuwa mwalimu wa sheria ya katiba. Tunalisema hili kwa uchungu wa watu wa taaluma hiyo hiyo.

Lakini kwa nini twende mbali, na Zanzibar iko hapa karibu? Visiwani karibu watu wote ni Waislamu. Kama tatizo lingekuwa Uislamu, basi ugomvi wa huko ungekuwa juu ya dini. Sivyo ulivyo. Tangu enzi za Mwingereza ugomvi wa Zanzibar umekuwa juu ya hesabu ya kura. Mwaka 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura lakini viti vichache, na miezi michache baadaye yakaja mapinduzi. Vyama vingi viliporudi, uchaguzi wa mwaka 1995 ulimpa Dkt. Salmin Amour asilimia 50.2 na Maalim Seif Sharif Hamad asilimia 49.8, na Mzanzibari yeyote wa umri wa makamo atakueleza anavyoifikiria hesabu hiyo. Januari 2001 watu waliandamana kudai uchaguzi wa haki. Polisi wakapiga risasi, zaidi ya watu 30 wakafa, wengi wao Pemba, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, huku kwetu Kenya. Waliouawa walikuwa Waislamu, na neno lililokuwa vinywani mwa waandamanaji lilikuwa katiba.

Na ni hao hao waliofanya jambo ambalo sisi tulilifanya kwa kulazimishwa na damu ya 2008. Julai 2010 karibu theluthi mbili ya wapiga kura wa Zanzibar walikubali serikali ya umoja wa kitaifa, na uchaguzi wa mwaka huo ulikwisha kwa amani ingawa tofauti ilikuwa asilimia moja tu. Kisha, Oktoba 2015, mwenyekiti wa tume alijitokeza peke yake kwenye televisheni na kuufuta uchaguzi wote. Mageuzi ya miaka mingi yakavunjwa mchana mmoja. Dini haikuwa na mkono wowote katika tangazo lile. Ilikuwa hofu ya kuhesabiwa, ugonjwa ambao hauulizi mgonjwa anasali upande gani.

Turudi kwetu, kwenye jambo ambalo limewagawanya watu wa Gusii zaidi ya yote tuliyotaja: Mahakama za Kadhi. Mwaka 2005, na tena mwaka 2010, ilisemwa katika masoko yetu kwamba katiba mpya itamleta Kadhi atakayewakata wezi mikono na kuwaoza binti zetu kwa nguvu. Tunaowajua baadhi ya waliosema hivyo tunajua pia kwamba hawakuwa wameisoma rasimu. Kadhi hakuletwa na katiba mpya. Alikuwako Pwani kabla ya Mwingereza, alikuwako katika mkataba wa mwaka 1895, na Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliandikiana barua ili ule ukanda wa maili kumi, uliokuwa mali ya Sultani, uingie Kenya kwa masharti, na Kadhi akiwa mojawapo. Kifungu cha 66 cha katiba ya zamani kilitimiza ahadi hiyo. Mwezi Mei 2010 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema kwamba kifungu hicho kinapingana na nchi isiyo na dini ya serikali. Ilikuwa hoja ya kisheria yenye uzito, hatuikejeli. Lakini Agosti 4 mwaka huo wananchi wakapiga kura, theluthi mbili wakakubali, na Nyanza nzima, sisi tukiwemo, ilisema Ndiyo kwa sauti kubwa.

Kifungu cha 170 kinampa Kadhi mambo manne tu: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na hata hayo ni pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na wote wamekubali kwenda mbele yake. Ukiwa na kesi ya mpaka wa shamba Bobasi au ya ng'ombe Ekerenyo, Kadhi hana habari nawe.

Hiyo haimaanishi kwamba hakuna la kubadilishwa. Waislamu wenyewe wanalijadili, na jadi yao ya kujadili sheria ni ya kale kuliko Bunge lolote la Afrika. Morocco ilibadilisha sheria yake ya familia mwaka 2004 baada ya mabishano ya miaka, na wanachuoni wa dini walikuwa ndani ya mabishano hayo. Hapa kwetu, Juni 2025, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwanyima urithi watoto wa Mwislamu kwa sababu tu walizaliwa nje ya ndoa ni ubaguzi, na kwamba ruhusa ambayo katiba imeitoa kwa sheria ya Kiislamu inapaswa kusomwa kwa mipaka yake. Viongozi wengi wa Kiislamu walikasirika. Maoni yetu ni kwamba mahakama ilikuwa sahihi kuhusu watoto, na kwamba viongozi wale walikuwa na haki ya kukasirika hadharani, kwa maneno na kwa hoja. Mambo yote mawili yanawezekana katika nchi moja.

Ila msomaji wetu mmoja mmoja atakayesema, haya sasa, mnaona jinsi sheria yao inavyowadhulumu wanawake, tunamwomba kwanza ahesabu. Katika sheria ya Kiislamu binti hupata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, na fungu hilo halina mtu wa kumnyang'anya, limeandikwa. Katika desturi yetu ya Gusii binti hupata nini katika shamba la baba yake? Sheria ya Urithi ya Kenya, inayotufunga sisi tangu mwaka 1981, inasema watoto wote wagawane sawa, wa kike na wa kiume. Nani katika Bonchari au North Mugirango aliyewahi kuketi na wazee wa ukoo wakagawa shamba hivyo bila kusukumwa na hakimu? Dada zetu huja ofisini mwetu baada ya mazishi wakiwa na stakabadhi ndani ya mfuko wa plastiki, na jambo la kwanza wanalosema ni kwamba hawataki kugombana na kaka zao. Usasa tunaowadai Waislamu, sisi wenyewe hatujaulipa.

Na sasa tufike mtaa wa Nubia, katikati ya mji wa Kisii, mahali ambapo wengi wetu hupita tukienda sokoni bila kujiuliza jina hilo limetoka wapi. Wanubi ni wajukuu na vitukuu vya askari wa Kisudani walioletwa na Mwingereza katika jeshi lake la KAR. Wamezaliwa hapa, wanazika hapa, wanazungumza Ekegusii na soko zima. Hata hivyo, kijana wao anapofikisha miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, kwa miaka mingi amelazimika kukaa mbele ya kamati ya kumpiga msasa, aulizwe babu yake alitoka wapi, alete hati ambazo Mwingereza hakumpa babu huyo. Tumemsindikiza kijana mmoja wa namna hiyo katika ofisi moja ya usajili ambayo hatutaitaja. Mbele yake alikuwapo mwanafunzi mwenzake wa darasa moja, Mgusii, aliyehudumiwa kwa dakika chache. Yule wa pili aliambiwa arudi siku ya kamati. Kamati haikukutana siku hiyo.

Mwezi Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto ilitamka kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi kwa kutowatambua kuwa raia tangu kuzaliwa. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ikasema hivyo hivyo kuhusu jamii nzima. Mwaka 2017 Wanubi wa Kibera walipewa hati ya ekari 288, sehemu ndogo ya nchi waliyoishi. Na Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa msasa wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Tunalipokea tangazo hilo. Lakini Kisii haiko Wajir, na tangazo la jukwaani si sheria. Karani wa dirishani hufuata waraka alioupokea, na asipopokea waraka hufuata mazoea.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Asiye na kitambulisho hatakuwa katika daftari la wapiga kura, na asiye katika daftari hatahesabiwa, iwe anaswali Ijumaa, anaabudu Jumamosi au anakwenda misa Jumapili. Kwa hiyo tunadai mambo ambayo hayahitaji fedha wala Bunge. Msajili wa Watu aeleze kwa maandishi, na maandishi hayo yabandikwe ukutani katika kila ofisi ya Kisii na Nyamira, kwamba cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi vinatosha kwa kila kijana aliyezaliwa hapa. Ofisa atakayedai zaidi ya hayo kwa sababu ya jina la mwombaji ataje sheria anayoitumia na atie sahihi yake. Wabunge wetu, ambao wengi wao waliomba kura katika mtaa wa Nubia mwaka 2022 wakiwa wamevaa kanzu, waende katika ofisi hizo na kuuliza ni maombi mangapi yamekwama na kwa nini.

Na tunawaomba mawakili wenzetu wa kaunti hizi mbili watoe asubuhi moja katika juma, bila malipo, kwenda na vijana hao hadi dirishani na kungoja nao mpaka wapate jibu. Aliye tayari amwachie mhariri jina lake na siku anayoiweza. Siku ya Jumatano bado haina mtu.